UZI: Majambazi wa kweli katika picha za kauboi, wapi zimefupisha na wapi zimedanganya

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Humu jukwaani, kila mtu akisifia picha ya kauboi inayomhusu jambazi aliyepata kuishi kweli, hakosekani wa kumkatiza kwamba kofia ile haikuwa ikivaliwa mwaka ule, au kwamba bastola ile ilitengenezwa baadaye. Sina ugomvi na mabingwa wa kofia na bastola, na baadhi yao wamenifundisha mengi. Ninachotaka tukijadili ni kosa la aina nyingine, ambalo hulioni hata ukiisimamisha picha na kuikagua: kosa la kubadilisha chanzo cha ugomvi. Filamu ikiibana miezi mitano ikawa wiki moja, imefupisha, na kufupisha ni kazi yake. Ikimpa muuaji sababu ambayo hakuwa nayo, hapo imedanganya, hata kama kila kifungo cha koti kimeshonwa kama cha mwaka 1878.

Mfano ninaoufahamu vizuri ni wa Billy the Kid na vita vya kaunti ya Lincoln, New Mexico, vya mwaka huo wa 1878. Ukiitazama Young Guns ya mwaka 1988 utaondoka ukiamini kwamba vijana kadhaa walikuwa wakilelewa na mzee mmoja mpole wa Kiingereza, John Tunstall, aliyewafundisha kusoma na adabu za mezani, na kwamba mzee huyo alipouawa, watoto waliingia porini kulipiza kisasi cha baba yao. Aliyemwigiza, Terence Stamp, alikuwa anakaribia miaka 50. Tunstall mwenyewe aliuawa tarehe 18 Februari 1878 akiwa na miaka 24, yaani alimzidi Billy kwa miaka michache tu, na hakwenda Lincoln kulea yatima. Alikwenda kutafuta utajiri. Mji ule ulikuwa mikononi mwa duka moja, la Lawrence Murphy na James Dolan, ambalo wenyeji waliliita kwa kifupi "Nyumba". Duka hilo liliuza kila kitu kwa mkopo, likawaweka wakulima katika madeni yasiyokwisha, na ndilo lililoshika zabuni za nyama na unga kwa ajili ya kambi ya jeshi ya Fort Stanton na kwa Waapache wa Mescalero waliokuwa wamewekwa katika eneo lao la hifadhi. Tunstall, akishirikiana na mwanasheria Alexander McSween, alifungua duka la pili pamoja na benki katika mtaa uleule, na katika barua zake kwa familia yake London hakuficha nia yake: alitaka nusu ya kila dola itakayopatikana katika kaunti ile, na mtu yeyote yule.

Sasa yaangalieni mambo hayo upya. Billy na wenzake hawakuwa watoto wa kulelewa. Walikuwa vibarua wenye silaha wa upande mmoja katika vita vya zabuni. Sisemi kwamba hawakumpenda bosi wao, wala sisemi kwamba Nyumba ilikuwa na haki, kwa sababu Tunstall aliuawa kinyama na kundi lililotumwa kwa jina la sherifu William Brady, mtu aliyekuwa karibu sana na Nyumba. Nasema tu kwamba filamu inaigusa habari ya biashara kwa maneno mawili matatu, kisha inarudi haraka kwenye farasi.

Kituko kikubwa ni kifo cha Murphy. Katika Chisum ya mwaka 1970, ile ya John Wayne, Murphy anapigana ngumi na Chisum na kuishia kuchomwa na pembe za ng'ombe. Katika Young Guns anapigwa risasi na Billy mwenyewe mwishoni mwa mapambano. Murphy halisi alikuwa amekwisha kuuza hisa zake kabla vita havijaanza, na alikufa kwa maradhi huko Santa Fe mwezi Oktoba 1878. Aliyebaki ni Dolan, ambaye hakufa wala hakufungwa, na miaka iliyofuata akaja kuimiliki mali iliyokuwa ya Tunstall. Hapo ndipo historia ilipokuwa na mwisho mkali kuliko wa filamu zote mbili, lakini mwisho wa namna hiyo hauwafurahishi wauza tiketi.

Kibatari

Mkuu, uzi mzuri, ila naomba nitofautiane nawe kidogo. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua sheria ya kwanza na ya mwisho: steringi hafi hovyo, na adui lazima afe, tena kwa mkono wa steringi. Nani atalipa kiingilio ili aone adui akifa kwa maradhi mji wa pili? Watengenezaji wa filamu hawakula kiapo mahakamani.

Halafu unawaonea. Uongo wenyewe waliukuta umeshapikwa na kupakuliwa. Sherifu Pat Garrett alimuua Billy usiku wa tarehe 14 Julai 1881 huko Fort Sumner, na mwaka uliofuata tu, 1882, akatoa kitabu cha maisha ya marehemu, ambacho sehemu kubwa kiliandikwa na rafiki yake Ash Upson, mwandishi wa habari. Kitabu kile kinasema Billy alizaliwa tarehe 23 Novemba, na tarehe hiyo ni ya kuzaliwa kwake Upson mwenyewe! Hesabu ya watu 21 waliouawa na kijana wa miaka 21 nayo ilivuma muda mrefu kabla ya sinema, ilhali wanahistoria wakikaa kuhesabu hawafiki hata nusu yake, na katika hao ni wanne hivi aliowaua peke yake. Wengine waliuawa katika mapambano ambamo watu wengi walikuwa wakifyatua risasi.

Mleta uzi

Ndugu Kibatari, kuhusu Garrett na Upson nimekubali, na ilinipasa niliseme mwanzoni. Hata hivyo, kurithi uongo ni jambo moja na kuuchagua ni jambo jingine. Chukua habari ya mkono wa kushoto. Picha pekee ya Billy ambayo haina ubishi ni ile iliyopigwa kwenye bati huko Fort Sumner karibu na mwaka 1880, na picha za bati hutoka zimegeuzwa kama taswira ya kwenye kioo. Watu wakaona bastola iko nyonga ya kushoto, wakakata shauri kwamba alitumia mkono wa kushoto, na mwaka 1958 ikatoka filamu nzima yenye jina linalotokana na mkono huo, The Left Handed Gun, iliyochezwa na Paul Newman. Jibu lilikuwa limo ndani ya picha yenyewe: bunduki aliyoishika ni Winchester ya muundo wa mwaka 1873, ambayo tundu lake la kuingizia risasi liko ubavu wa kulia, na pale linaonekana kushoto. Hilo nalisamehe kabisa, maana ni kosa la macho. Mwaka 2011 bati lile liliuzwa kwa mnada kwa dola milioni 2.3, na sidhani kama mnunuzi alijali mkono.

Nisilolisamehe kirahisi ni umri. Katika Pat Garrett and Billy the Kid ya mwaka 1973, Billy anachezwa na Kris Kristofferson, mtu mzima wa miaka 36. Filamu ile naipenda, nimeitazama mara nyingi. Lakini ukimweka mtu wa miaka 36 mahali pa kijana wa miaka 21, hujabadilisha sura tu, umebadilisha hatia. Mtazamaji anaona mtu aliyeyapima maisha yake na kuyachagua. Aliyekufa Fort Sumner alikuwa Henry McCarty, hilo ndilo jina halisi la Billy, aliyefiwa na mama mwaka 1874, akawekwa ndani mwaka uliofuata kwa nguo zilizoibwa kwa mfua nguo Mchina, na akatoroka kwa kupenya kwenye dohani. Habari yake inaanza na mtoto asiye na mlezi katika mji wa machimbo, na hadi leo ni filamu chache zinazothubutu kuanzia hapo.

Mwalimu Mstaafu

Wanajukwaa, naomba nichangie kwa upande wa Jesse James, jambazi wa Missouri, kwa kuwa hapo hoja ya mleta uzi kuhusu chanzo inaonekana waziwazi kuliko kwa Billy.

Filamu ya mwaka 1939, Jesse James, iliyochezwa na Tyrone Power na Henry Fonda, inaeleza kwamba familia ya James ilikuwa ya wakulima watulivu wa Missouri, kwamba kampuni ya reli ilitaka kuwanyang'anya shamba, kwamba wakala wa reli alimuua mama yao, na kwamba vijana wale wakaanza kuteka treni kwa uchungu. Ni hadithi nzuri, na kwa watazamaji waliokuwa wametoka katika miaka ya mdororo wa uchumi, ambao wengi wao walikuwa wamepokonywa mashamba na mabenki, ilikuwa kama kuwasomea barua yao wenyewe.

Tatizo ni kalenda. Jesse na genge lake waliteka treni ya kwanza karibu na Adair, Iowa, mwezi Julai 1873. Lakini mwezi Desemba 1869 alikuwa amekwisha kuhusishwa na ujambazi wa benki ya Gallatin, Missouri, ambako mtunza fedha John Sheets alipigwa risasi akiwa hana silaha, kwa kuwa muuaji alidhani ni Samuel Cox, ofisa aliyeongoza kikosi kilichomuua William Anderson, aliyejulikana kama "Bloody Bill". Hilo jina la Anderson ndilo ufunguo wa habari yote. Familia ya James ilimiliki watumwa. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Frank na kisha Jesse walijiunga na vikundi vya msituni vilivyopigania upande wa Kusini, na Jesse alikuwa kijana wa miaka 17 katika kundi la Anderson lililofanya mauaji ya Centralia tarehe 27 Septemba 1864, siku ambayo zaidi ya askari 20 wa serikali waliokuwa safarini bila silaha waliteremshwa kwenye treni na kuuawa. Wanahistoria wanabishana kama Jesse mwenyewe alikuwapo pale stesheni, lakini hawabishani kuhusu kundi alilokuwamo. Vita vilipokwisha, kundi lile halikukubali kwamba vimekwisha, na mhariri mmoja wa Kansas City, John Newman Edwards, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Kusini, akaanza kuwapamba kwenye gazeti lake kama mashujaa waliodhulumiwa.

Kwa hiyo ile reli ya mwaka 1939 haikuwa kosa la utafiti. Katika hadithi ile, reli iliwekwa mahali pa utumwa. Ukiuondoa utumwa, lazima utafute dhalimu mwingine wa kuchukua nafasi, na kampuni ya reli ilifaa kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kuitetea.

Kuhusu mama, ukweli wenyewe ulikuwa unatosha. Mwezi Januari 1875 wapelelezi wa kampuni binafsi ya Pinkerton waliizingira nyumba yake usiku na kutupa chombo cha moto ndani. Mtoto wake mdogo Archie, ndugu wa Jesse kwa mama, aliuawa, na mama Zerelda akapoteza sehemu ya mkono wa kulia. Huo ulikuwa unyama, na ndio uliogeuza maoni ya watu wengi wa Missouri. Lakini Zerelda hakufa. Aliishi hadi mwaka 1911, akiwatoza ada watalii waliokuja kuliona kaburi la mwanawe.

Kibatari

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma mara mbili, na ile ya kalenda imenimaliza. Basi niulize: ipo filamu ya Jesse James ambayo ungeweza kuipa mwanafunzi bila kumwomba radhi?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Zipo mbili, kila moja kwa sehemu yake. The Long Riders ya mwaka 1980 ni nzuri kwa siku ya Northfield, Minnesota, tarehe 7 Septemba 1876, siku ambayo genge lilikwenda mbali na nyumbani na kukuta mji ambao haukuogopa. Wenye maduka walichukua bunduki, na kwa dakika chache majambazi wawili wakalala barabarani. Karani wa benki, Joseph Heywood, akauawa kwa kukataa kulifungua sanduku la fedha, pamoja na mhamiaji mmoja wa Kiswidi aliyekuwa akipita zake. Ndugu watatu wa ukoo wa Younger, waliokuwa katika genge hilo, wakakamatwa wiki mbili baadaye. Waongozaji wengi huona aibu kuonyesha kwamba genge maarufu lilishindwa na wauza vyuma. Huyu hakuona aibu.

Ya pili ni The Assassination of Jesse James by the Coward Robert Ford ya mwaka 2007. Hiyo haitangulizi sababu yoyote ya kumtakasa mtu. Inamwonyesha Jesse katika miezi yake ya mwisho, anayewashuku hata anaokula nao, na asubuhi ya tarehe 3 Aprili 1882 huko St. Joseph, alipopanda juu ya kiti kusafisha picha ukutani na kupigwa risasi kisogoni. Inafuata kwa uaminifu pia yaliyowapata ndugu Ford, yaani Robert aliyempiga risasi na kaka yake, baadaye: kuhukumiwa kunyongwa na kusamehewa na gavana siku hiyohiyo, kisha kuzunguka kwenye majukwaa ya maigizo, usiku baada ya usiku, wakiigiza mauaji waliyoyafanya. Brad Pitt alikuwa mkubwa kuliko Jesse, aliyekufa akiwa na miaka 34, lakini nadhani mleta uzi ataliachia hilo.

Mleta uzi

Nimeliachia, Mwalimu. Jesse hakuwa mtoto.

Mgeni wa Jiji

Samahani wakuu, mimi ni msomaji tu, ila hamjamgusa jambazi Butch Cassidy. Ile picha ya mwaka 1969, Butch Cassidy and the Sundance Kid, inaanza kwa kusema kwamba sehemu kubwa ya yanayofuata ni ya kweli. Je, ni ya kweli?

Mleta uzi

Karibu sana. Kwa kipimo cha uzi huu, ile imefupisha zaidi ya kudanganya, na hata hayo maneno ya mwanzo imeyasema kwa utani. Karani Woodcock aliyekataa kufungua behewa la fedha alikuwapo kweli, katika utekaji wa treni pale Wilcox, Wyoming, mwezi Juni 1899. Genge lenyewe liliitwa Wild Bunch, ila mwaka huohuo wa 1969 kulikuwa na filamu nyingine yenye jina hilo, ndiyo maana wakatumia jina la Hole in the Wall, maficho yao. Kilichoachwa nje kabisa ni Argentina: kabla ya Bolivia, Butch, mwenzake Sundance Kid na Etta Place, mpenzi wa Sundance, waliishi Cholila tangu mwaka 1901 hadi 1905, wakifuga ng'ombe na kondoo kama majirani wema. Kwangu mimi, hiyo miaka minne ya ufugaji ndiyo filamu ambayo bado haijatengenezwa vizuri.

Na ule mwisho, ambapo jeshi zima la Bolivia limejipanga juu ya kuta? Huko San Vicente, mwezi Novemba 1908, waliofika kuwakamata wezi wa mishahara ya kampuni ya machimbo walikuwa askari wachache, wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Asubuhi yake wageni wawili walikutwa wamekufa chumbani, na dalili zilionyesha kwamba mmoja alimpiga risasi mwenzake kisha akajimaliza. Waliofukua kaburi mwaka 1991 hawakupata mifupa inayolingana nao, na ndiyo maana hadithi za Butch kurudi Utah hazijafa.

Mwanakwetu

Wakuu, mmezungumza kana kwamba nchi ile ilikuwa ya weupe peke yao. The Harder They Fall ya mwaka 2021 imewakusanya watu weusi walioishi kweli, na inatangaza wazi tangu mwanzo kwamba matukio ni ya kubuni lakini watu hao walikuwapo. Mimi naona hiyo ni heshima, baada ya picha mia za kauboi zilizotufuta.

Mleta uzi

Nakubaliana nawe kwa nusu. Kutangaza wazi kwamba umebuni ni uungwana ambao filamu za Lincoln na Missouri hazikuwa nao. Lakini angalia waliokusanywa. Jim Beckwourth alikufa mwaka 1866, kabla Cherokee Bill na Rufus Buck hawajazaliwa. Mary Fields alianza kubeba barua za posta huko Montana akiwa na miaka zaidi ya 60, mwanamke wa mwili mkubwa ambaye watu walimheshimu kwa hilo hasa, na filamu ikampa sura ya msichana mwembamba. Halafu Rufus Buck: katika filamu ni kiongozi mwenye ndoto ya kujenga mji wa weusi, tena mtu wa makamo. Rufus Buck halisi alikuwa kijana wa asili ya Wacreek, kabila la wenyeji wa Amerika, na weusi, aliyeongoza vijana wenzake katika majuma machache ya mauaji, wizi na ubakaji katika Indian Territory, eneo lililotengewa wenyeji wa Amerika, mwaka 1895, na wote watano walinyongwa Fort Smith tarehe 1 Julai 1896.

Kama lengo ni kuwarudishia heshima waliofutwa, ilitosha kumtanguliza Bass Reeves, ofisa wa sheria aliyezaliwa mtumwa, ambaye aliwakamata watu katika eneo hilohilo kwa miaka zaidi ya 30. Kumpa Buck usemi wa mkombozi ni yaleyale aliyofanyiwa Jesse James mwaka 1939, na wanawake waliotendewa unyama ule hawana nafasi katika filamu hata ya dakika moja.

Mwanakwetu

Hilo la wanawake sikulijua. Nitaitazama tena kwa jicho jingine, ingawa muziki wake bado nautetea.

Mwalimu Mstaafu

Niongeze moja kabla sijalala, kwa ajili ya Ndugu Kibatari anayesema watu wa filamu waliukuta uongo umepikwa. Wapishi wengine walikuwa majambazi wenyewe. Emmett Dalton alinusurika katika uvamizi wa benki huko Coffeyville, Kansas, tarehe 5 Oktoba 1892, siku ambayo ndugu zake wawili na wenzao wawili waliuawa pamoja na raia wanne. Akatumikia kifungo, akasamehewa, akahamia California, na mwaka 1918 akatoa filamu ya kuwasimulia watu habari zake. Mtoto wa Jesse James alimwigiza baba yake mwaka 1921. Lakini wa kushangaza kuliko wote ni Henry Starr. Yeye na genge lake walivamia benki mbili kwa siku moja huko Stroud, Oklahoma, mwezi Machi 1915, akapigwa risasi na kijana wa mjini, akafungwa, akatoka, akaigiza katika filamu kuhusu uvamizi uleule, yeye mwenyewe akiwa Henry Starr, kwa ujumbe kwamba uhalifu haulipi. Mwezi Februari 1921 aliingia katika benki moja ya Harrison, Arkansas, akiwa amefika kwa motokaa, si kwa farasi, na humo ndimo alimopigwa risasi iliyomuua.

Kibatari

Mwalimu, huyo steringi amekufa kweli.